Unataka kushuti Mtwara au Lindi? Anza na mwenye eneo

Kila inapokaribia Juni, mvua zimekatika na shule zinafungwa, maswali ni yale yale. "Naomba kujua, nikipiga video ufukwe wa Shangani nalipia?" "Kilwa Kisiwani kamera inaruhusiwa?" "Droni yangu ni ndogo tu, nayo inahitaji kibali?" Nimechoka kujibu kwa mafungu, kwa hiyo nimeweka yote hapa. Mwongozo huu ni wa mpiga picha wa harusi, kijana wa video za muziki, mwanachuo mwenye filamu ya kumalizia masomo, na timu ndogo zinazoteremka kutoka Dar kuja kutengeneza makala za Kusini.

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kudhani kwamba eneo la umma halina mwenyewe. Tanzania ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Ila Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zimeigawa: kuna ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi, na kila moja ina anayeisimamia. Ukifika mahali usiulize "hapa kibali kinahitajika?" maana kila mtu atakujibu lake. Uliza "hapa msimamizi nani?" Ukimpata huyo, mambo ya kibali atakueleza mwenyewe.

Wewe unahitaji kibali au huhitaji?

Ukipiga picha ya kumbukumbu kwa simu, wewe na wenzako, ufukweni au barabarani, hakuna ofisi ya kukimbilia. Piga uende zako. Mambo hubadilika pale unaposimamisha stendi na taa, unapozuia njia, unapomlipa mtu aigize, unaporusha kitu angani, unapoingia ndani ya eneo lenye geti, au kazi yenyewe inapokuwa ya kuuzwa au kuonyeshwa hadharani. Ukiangukia hata kwenye kimoja cha hivyo, endelea kusoma.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa (NIDA) cha kiongozi wa kazi, na orodha ya wenzako wote kwa majina na namba za simu.
- Barua ya utambulisho. Mwanachuo aitoe chuoni, mfanyakazi kwa mwajiri, anayejitegemea aanze na ofisi ya mtaa anakoishi.
- Maelezo ya kazi, ukurasa mmoja. Kama ni filamu ya kuigiza, weka na muswada mzima.
- Ratiba: tarehe, saa, na jina la kila eneo hadi kijiji au mtaa. "Mtwara" peke yake haitoshi.
- Orodha ya vifaa na namba zake za utambuzi.
- Nakala za kila kitu, nyingi kuliko unavyodhani, na faili la plastiki. Ofisi nyingine utakuta mashine ya fotokopi mbovu.
- Muda. Anza wiki nne kabla. Kukiwa na droni au mgeni kutoka nje ya nchi, anza miezi miwili kabla.

Hatua kwa hatua

1. Andika kazi yako kwa lugha ambayo mtendaji wa kijiji ataielewa.

Ukurasa ule mmoja utasomwa na watu wengi wasiojua "dokumentari ya majaribio" ni kitu gani. Sema utampiga nani, akifanya nini, wapi, kwa siku ngapi, na video itaonekana wapi. Kama kuna kitu chenye utata, kwa mfano mgogoro wa ardhi au malipo ya korosho, kiandike wazi. Kikigundulika katikati ya kazi, hata kibali chako halali kitaonekana cha uongo.

2. Mjue msimamizi wa kila eneo.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nakaa kidogo.

Fukwe za mjini, bustani, stendi, masoko na mitaa ya Mtwara Mjini na Lindi Mjini ziko chini ya manispaa: Mtwara-Mikindani kwa huku, Manispaa ya Lindi kwa kule. Soko la samaki lina uongozi wake, na wavuvi wana kikundi chao cha kusimamia rasilimali za bahari, BMU. Pale soko la Feri unaweza kuwa na barua ya mkurugenzi mkononi na bado mwenyekiti wa BMU akakuuliza mbona yeye hukumwona. Ana haki.

Mikindani inachanganya kwa sababu mji wote ni wa kihistoria lakini majumba yana wenyewe. Boma la Wajerumani, lililojengwa 1895, linatumika kama hoteli, kwa hiyo ndani na uani unaongea na uongozi wa hoteli. Nyumba za zamani zilizo kando ya barabara zina warithi wake. Ule mlango wa nakshi unaouona mzuri kwa bibi harusi ni mlango wa nyumba ya watu; bisha kwanza.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, na magofu yanasimamiwa na TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Usishangae magofu kuwa chini ya watu wa wanyamapori. Walikabidhiwa kusimamia eneo hilo la malikale. Utaratibu wote unaanzia Kilwa Masoko kabla hujapanda boti: ingilio, mwongoza watalii, na kama kazi ni ya kibiashara, kibali cha kurekodi. Halafu kumbuka kwamba Kisiwani watu wanaishi. Kushuti Gereza, Msikiti Mkuu au Husuni Kubwa ni ruhusa ya TAWA. Kumshuti mama anayechota maji nyuma ya Gereza ni ruhusa ya kijiji na ya mama mwenyewe. Ni ruhusa mbili tofauti, na anayekwenda na moja hurudi na nusu ya kazi.

Msimbati na Ruvula ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Msimamizi ni Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu. Utalipa ingilio hata kama umekwenda kuoga tu, na kurekodi kwa biashara kuna maombi yake. Vijiji vilivyo ndani ya hifadhi navyo vina serikali zake.

Msitu wa hifadhi wa Rondo uko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Upande wa Liwale ukiingia Hifadhi ya Taifa Nyerere uko kwa TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa. Ukiingia Pori la Akiba Selous, au Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu, uko kwa TAWA. Tendaguru, walikochimba Wajerumani mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, ni eneo la malikale lililozungukwa na vijiji. Niwaonye wanaopenda kwenda huko: mifupa mikubwa iko Berlin. Utakachokuta ni pori na simulizi za wazee, na simulizi ndizo mali. Usiokote jiwe lolote "la kumbukumbu". Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haina mchezo na hilo.

Ghala la korosho ni la chama. Msimu wa minada ukianza, kuanzia Oktoba, kila mtu anataka picha za magunia. Nenda kwa katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, naye atakuelekeza chama kikuu, iwe TANECU, MAMCU, RUNALI au Lindi Mwambao kulingana na wilaya. Usitokee siku ya mnada na kamera begani bila taarifa. Wakulima wakiwa wanasubiri bei, kamera isiyojulikana huonekana ya mnunuzi au ya mpelelezi.

3. Kama ni filamu, nenda Bodi ya Filamu.

Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kutengeneza filamu. Maombi yanakwenda Bodi ya Filamu Tanzania yakiwa na muswada au maelezo kamili ya mandhari, ratiba na orodha ya watu. Usisafiri kwanza hadi Dar au Dodoma. Pita kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Ndiye mtu wa sanaa na filamu ngazi ya wilaya, na ndiye atakayeulizwa habari zako. Kwa video ya muziki, hakikisha msanii amesajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Ofisa wa kwanza makini utakayekutana naye atauliza hilo.

Mzalishaji wa kutoka nje ya nchi ana mzigo zaidi: kibali cha Bodi, taratibu za Uhamiaji, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kuiachia Bodi nakala ya picha ghafi na ya kazi ikikamilika. Waandishi wa habari wana njia yao ya vitambulisho chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Usijiite mwandishi ili kukwepa foleni.

4. Peleka barua halmashauri.

Hata ukiwa na kibali cha Bodi, mkurugenzi wa halmashauri anapaswa kujua uko kwake. Barua iwe fupi hivi:

> Mkurugenzi wa Manispaa,
> Manispaa ya Mtwara-Mikindani.
>
> YAH: MAOMBI YA KUREKODI VIDEO UFUKWE WA SHANGANI NA SOKO LA SAMAKI FERI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea, mkazi wa Mtwara Mjini. Naomba ruhusa ya kurekodi video ya dakika tano kuhusu kazi za wachuuzi wa samaki, tarehe 12 na 13 Julai, saa 12 asubuhi hadi saa 4 asubuhi. Tutakuwa watu wanne, kamera mbili, bila droni na bila kuzuia njia. Video itawekwa kwenye mitandao ya kijamii. Nimeambatanisha maelezo ya kazi, orodha ya washiriki na nakala za vitambulisho.

Ona ule mstari wa "bila droni na bila kuzuia njia". Unajibu maswali mawili ambayo yangekurudisha kesho. Peleka masjala, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na uandike namba ya jalada. Nakala nyingine ipeleke ofisi ya Mkuu wa Wilaya, kwa katibu tawala, na nyingine kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kama utafanya kazi usiku, utaigiza ugomvi au utakuwa na silaha ya bandia. Bunduki ya mbao ikionekana kwa mbali ni bunduki.

Malipo yoyote ya serikali yana kontroli namba, au risiti ya mashine kwa ushuru mdogo. Hakuna kontroli namba, hakuna risiti, hakuna malipo. Sema hivyo kwa upole na ukae kimya.

5. Omba kwenye mamlaka ya hifadhi au malikale.

Tofautisha ingilio na kibali cha kurekodi. Tiketi ya kuingia inakuruhusu kutazama na kupiga picha za mgeni. Kamera ya kibiashara ina ada yake, na mara nyingi askari au mhifadhi wa kukusindikiza ambaye naye unamgharamia. Ada zinabadilika na mtanzania na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo omba bei kwa maandishi kabla ya kumtajia mteja bajeti.

Ukipata kibali cha Kilwa, panga ratiba kwa maji. Wakati wa bamvua bahari hutoka mbali, na kuteremka Songo Mnara maji yakiwa yamekupwa ni kutembea kwenye tope na vifaa kichwani. Muulize nahodha saa za maji kujaa kabla hujaandika saa kwenye barua. Na kwenye magofu usipande ukutani. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, yana karne kadhaa, na kipande kikimomonyoka chini ya kiatu chako hakirudi.

6. Droni ni kesi yake.

Kuna wanaoiita ndege nyuki, lakini kisheria ni chombo cha anga. Kanuni ni za mwaka 2018, msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga (TCAA), na kabla yake kuna ridhaa ya Wizara ya Ulinzi. Udogo wake haukuondolei kitu. Kibali cha droni hakichukui nafasi ya ruhusa ya eneo: ndani ya hifadhi utamwomba na mhifadhi, karibu na kiwanja cha ndege hurushi bila ya wenyewe kukuruhusu.

Ushauri wangu kwa anayeanza: kazi ya kwanza ifanye bila droni. Itakupunguzia nusu ya safari za ofisini.

7. Shuka hadi chini, upige hodi.

Barua za juu zinafungua njia, lakini anayeifunga ni mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kwa mujibu wa sheria ya vijiji, halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji, kwa hiyo si heshima tu, ni mamlaka yake. Pita kwa mtendaji wa kata, kisha mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti. Nenda siku moja kabla, bila kamera. Shikamoo kwanza, kaa ulipoonyeshwa, habari za msimu, ndipo barua itoke. "Mzee, tumekuja kupiga hodi, kesho tunaomba kufanya kazi hapa kwenu, karatasi zetu hizi." Ukiombwa kuchangia kitu cha kijiji, uliza kama kimeandikwa kwenye muhtasari na kina risiti. Mwombe akupe kijana wa kukuongoza, umlipe mkifunga kazi jioni. Kijana huyo atakuokoa mara nyingi kuliko muhuri.

8. Ruhusa ya mtu ni ya mtu.

Hakuna ofisa anayeweza kukuruhusu uso wa mwingine. Kama sura itatumika kwenye tangazo au itauza kitu, chukua idhini ya maandishi, au sauti kwenye simu akitaja jina lake na anachokubali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imefika na picha ni taarifa. Mtoto anaidhinishiwa na mzazi au mlezi, na shuleni mwalimu mkuu peke yake hatoshi kwa kazi ya biashara.

Jando na unyago nalisema bila kuzunguka. Ngoma ya hadharani siku wanapotolewa unaweza kuomba kwa wazee na kwa wazazi. Ndani, kumbini au kwa nyakanga anayewafunda wali, kamera haiingii. Hata akitokea wa kukuruhusu kwa hela, mle kuna watoto na kuna siri za watu. Funga begi.

9. Siku yenyewe.

Vibali asili kwenye faili, nakala kwa kila mtu wa timu, picha za vibali kwenye simu. Mmoja asishike kamera kabisa. Kazi yake iwe kusalimia na kueleza. Maliza kwenye saa ulizoandika.

Pasipopigwa

Mitambo ya gesi Madimba na Songo Songo na uzio wake, kambi za jeshi na polisi, magereza, bandari ya Mtwara, maeneo ya usalama ya kiwanja cha ndege. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 inalinda maeneo ya namna hii, na "nilikuwa napiga machweo" si utetezi. Ukiwa Msimbati angalia nyuma ya bibi harusi kuna nini. Mpaka wa Ruvuma nao, ikiwemo Daraja la Umoja pale Mtambaswala, usiukaribie na kamera bila kuongea na wilaya na Uhamiaji. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017, mgeni mwenye lenzi ndefu ukingoni mwa mto anaulizwa maswali, na ni sawa aulizwe.

Ukikwama

*Barua haijajibiwa.* Usiandike nyingine. Nenda masjala na nakala yako yenye muhuri, uliza jalada liko meza ya nani, umfuate huyo. Jumatatu asubuhi ni vikao. Jumanne ni bora.

*Mgambo au askari amekuzuia na una kibali.* Shusha kamera, zima, salimia, toa nakala. Akisema hakitambui, mwombe mpigie pamoja aliyesaini. Usibishane huku unarekodi. Akikupeleka kituoni, nenda, kisha omba OCD aangalie barua aliyopokea.

*Umeambiwa ufute picha.* Kama ni eneo la ulinzi, futa na ushukuru. Kama ni mtu ametaka uso wake uondoke, futa mbele yake. Kama ni mzozo wa kibali tu, omba msimamizi wa eneo aitwe kwanza.

*Watu wamekusanyika wanadai hela.* Ndiyo maana una yule kijana na mwenyekiti. Ukianza kugawa noti sokoni hutamaliza. Malipo ya wanaoonekana kwenye kazi yapange jana yake, kwa majina.

*Tarehe zimepita.* Mvua za Aprili na Mei zinaweza kufanya hivyo. Mwaka 2024 barabara ilikatika Somanga na watu wakakaa njiani siku nyingi. Kibali chenye tarehe zilizopita ni karatasi tu. Andika barua fupi ya kuomba kuongezewa muda, ambatanisha cha zamani, ipeleke kabla cha kwanza hakijaisha kama unaweza.

*Mteja ameongeza eneo asubuhi ya kazi.* Mwambie hapana, au mwambie asubiri uende ukapige hodi. Kama eneo lenyewe ni la hifadhi au la gesi, jibu ni la kwanza.